Sikio la Dola

Jumatatu, 4 Agosti

Habari njema! Nimefungua daftari jipya leo kwa sababu mambo makubwa yanastahili kuandikwa. Mzee Tsofa amekubali kutupokea Jumapili. Mzee Tsofa ni babake Kanze, mfugaji wa mbuzi huko Kinango. Kanze ndiye mwanamke ninayetaka kumwoa. Na mimi ni Tembo, muuza viatu vya mitumba hapa Kona ya Musa, miaka thelathini na minane, meno yote yapo.

Kanze alipiga simu saa sita, wakati wa mapumziko yake huko Diani anakofua mashuka ya hoteli. Akasema baba yake hataki kusikia habari za mbuzi wa mahari kwanza. Anataka mbwa. Mbwa gani? Dola! Mbwa wangu! Mzee alimwona mara moja tu, Pasaka, nilipokwenda kusalimia, na siku hiyo Dola alimfukuza mbweha mpaka ng'ambo ya bonde. Tangu hapo mzee anamtaja kila wiki. Mbweha wanammalizia vitoto vya mbuzi.

Masharti ni haya. Nije na Dola. Mzee amtazame. Akimpenda, Dola anabaki, na wazee wanakaa kupanga siku ya mahari. Asipompenda, tunakunywa maji na kurudi tulikotoka.

Kwa nini mzee kamtaka jike, na madume wamejaa kila mahali? Sikuuliza. Mtu mwenye akili haulizi, anakisia. Mzee anataka watoto! Jike mmoja leo, mwakani kundi zima la kulinda zizi.

Na bahati ilivyo, Dola sasa hivi anataka dume. Tangu juzi madume saba wamelala mbele ya geti. Nimewahesabu kwa furaha. Atafika ukweni na mzigo tayari tumboni.

Kinachoninyima raha ni Karisa. Karisa ni mchuuzi wa mbuzi huko Kombani, na kila wiki yuko kwa Mzee Tsofa kwa kisingizio cha biashara. Ana pikipiki. Kanze ananiambia Karisa ni kama ndugu. Sijawahi kumpenda mtu ambaye ni kama ndugu.

Jumanne, 5 Agosti

Maji yamenifika shingoni.

Bi Twaiba, mwenye nyumba wangu, alitoka asubuhi kwenda kumtazama mgonjwa. Madume sasa ni kumi na mmoja. Mmoja akamlamba upindo wa buibui. Ikabidi arudi ndani, avue, afue mara saba, mojawapo kwa udongo, kama dini yake inavyotaka. Mgonjwa hakutazamwa.

Jioni akaniita barazani. Nilimwamkia shikamoo mara mbili kwa woga. Angefoka ningeshukuru. Hakufoka. Aliniita mwanangu. Akasema hana ugomvi na Dola, ni kiumbe wa Mungu, na ni kweli, maana yeye ndiye humwekea ukoko wa wali nje ya ukuta, kwa upawa mrefu. Lakini haya ya madume hapana. Kuna madaktari wa wanyama wamepiga hema uwanjani nyuma ya soko, kesho na keshokutwa, wanafunga uzazi wa mbwa na paka kwa bei nafuu. Basi nichague. Ama Dola afungwe kufikia Ijumaa, ama mimi na Dola tutafute pa kuhamia.

Nikasema naam, Bi. Ningesema nini? Chumba kama hiki, chenye dari, sitakipata tena Ukunda nzima.

Lakini Dola akifungwa, mzee hatapata watoto. Mzee asipopata watoto, mimi sipati Kanze. 

Nimekwenda kusoma bango lao. Mistari mitatu ya kwanza ilinikata maini. Kuhasi madume, kufunga majike, mwananchi wa kawaida anamudu. Mstari wa nne ndio umeniokoa. Mnyama asiwe amekula tangu jana yake jioni! Akila, hapasuliwi, anarudishwa!

Mpango: Dola atakula. Atakula kuliko siku zote za maisha yake. Nitampeleka mwenyewe, mbele ya macho ya Bi Twaiba, tutarudishwa, na mimi nitainua mikono. Nilijaribu, Bi. Si riziki.

Jumatano, 6 Agosti

Alfajiri nimempa Dola ugali wa sufuria nzima, dagaa, na vichwa vinne vya kuku. Alinitazama kama anayeuliza kama kuna harusi. Nikamwambia ipo, yangu, kula.

Bi Twaiba akaja pamoja nasi. Sikuwa nimemwalika. Alitembea hatua kumi nyuma, mwavuli mkononi, akimwelekezea Dola ncha ya mwavuli kila alipogeuka.

Foleni ndefu ajabu. Paka kwenye vikapu, paka kwenye magunia, paka ndani ya mkoba wa shule. Mvuvi mmoja wa Munje alikuja na mbwa watatu kwenye kamba moja ya nyavu, na hakuna aliyejua nani anamvuta nani. Karani wao, Abdulaziz, kijana wa miwani, akauliza kila mmoja kama mnyama amekula. Wote hapana, hapana, hapana. Zamu yangu ikafika. Nikasema kwa sauti ya huzuni, ili Bi Twaiba asikie vizuri, kwamba bahati mbaya amekula, tena sana.

Abdulaziz akamwita daktari. Daktari Cynthia, mwanamke mfupi mwenye mabuti ya mvua. Akanishika mkono! Akanishukuru kwa kusema kweli. Akasema watu huficha, na mnyama hutapika akiwa usingizini na kukabwa. Sijawahi kushukuriwa kwa kusema kweli. Ilinisumbua kidogo.

Kisha akasema hakuna shida. Watamlaza kizimbani hapo hapo mpaka kesho, tumbo tupu, na kwa sababu nimekuwa mkweli atakuwa wa kwanza.

Wa kwanza!

 Kabla sijazua kisingizio, Bi Twaiba alikuwa amekwisha kufungua kipochi na kulipa. Akasema iwe sadaka yangu na yake. Wakampa yeye risiti. Dola akaingia kizimbani akitingisha mkia, akalala juu ya shibe yake.

Sikula mchana. Sikula jioni. Nyumbani kumetulia, na kutulia kwenyewe kunanitisha.

Alhamisi, 7 Agosti

Mpango wa pili: kumtoa kabla hawajaanza. Nilifika hemani saa kumi na mbili na nusu. Nikamwambia Abdulaziz kwamba mama yangu mgonjwa kijijini amemwota Dola na hataki kutibiwa mpaka amwone. Abdulaziz akanipa pole nyingi. Akaomba risiti.

Risiti iko kwa Bi Twaiba. Mbio nyumbani. Bi Twaiba ameondoka alfajiri kwenda Msambweni kwa dadake, kipochi kwapani. Mbio tena hemani. Njiani mteja akanikamata, ati kiatu cha kushoto nilichomuuzia ni cha kulia. Nikajitetea. Akanivulia. Vilikuwa vya kulia vyote viwili. Nilipofika, ilikuwa saa tatu na dakika kumi.

Imekwisha.

Dola alikuwa amelazwa juu ya mkeka, ulimi nje, tumbo limenyolewa, nyuzi zimepangwa vizuri kama za kiatu kipya. Niandike ukweli kwa kuwa hakuna atakayesoma: jambo la kwanza sikumfikiria Kanze wala mzee. Nilitazama kama anapumua. Anapumua. Akafungua jicho moja, mkia ukagonga mkeka mara moja, akalala tena. Nikakaa chini nikalia. Nilimwambia Daktari Cynthia ni vumbi.

Halafu nikaona sikio.

Ncha ya sikio la kushoto haipo! Imekatwa, mkato mnyoofu. Nikapiga kelele. Daktari akanieleza kwa upole kwamba ndiyo alama yao, hukatwa akiwa usingizini, hasikii kitu. Ni ili kesho na keshokutwa mtu asimpasue tena bure, maana jike aliyefungwa hajulikani kwa macho.

Daktari hajui alichofanya. Yeye si mfugaji. Huko kwetu vijijini, sikio la mnyama ni hati. Kila ukoo una mkato wake, na mzee yeyote anausoma kutoka mbali. Kwetu ni panda mbili, mikato miwili kama manati, sikio la kulia. Kwa kina Mzee Tsofa ni tundu katikati. Na ncha ya kushoto kukatwa moja kwa moja, nani asiyejua? Tangu enzi za mababu! Hiyo ni alama ya kina Karisa!

Ninampeleka ukweni mbwa asiyezaa, tena mwenye jina la Karisa sikioni. Wataniona tasa wa akili na mwizi kwa pamoja. 

Ijumaa, 8 Agosti

Asubuhi nimerudi kwa daktari na ombi dogo. Anikatie panda mbili katika sikio la kulia, isomeke kwamba Dola alikuwa wa kina Karisa, kisha akauzwa kwetu. Ndivyo inavyofanywa kwa ng'ombe. Daktari Cynthia akasema hakati sikio la mbwa kwa sababu za ukoo. Abdulaziz alicheka mpaka akavua miwani kujifuta.

Nimepewa maagizo. Siku kumi asikimbie, asiruke, asilambe nyuzi. Wamemvika shingoni kola kubwa ya plastiki. Anagonga kila mlango. Kila akigonga, ananitazama mimi.

Bi Twaiba amefurahi kupita kiasi. Madume wamebaki wawili, na wao wamekata tamaa. Baada ya swala ya Ijumaa ameniletea sahani ya pilau. Amesema mimi ni mtu wa kutegemewa. Pilau niliimaliza nikitazama ukuta.

Saa kumi Kanze akapiga simu. Akauliza Dola hajambo? Sauti yake ilikuwa na jambo. Nikaogopa. Nikajua ameshasikia. Karisa ana watu kila soko! Nikaona bora nimwahi.

Nikamwambia Dola ana mimba.

Imenitoka yenyewe. Na ikishatoka haiwezi kuachwa peke yake, lazima ivikwe nguo. Nikasema baba wa watoto ni mbwa wa Mjerumani mmoja wa Diani, mbwa mwenye pasipoti. Nikasema tumbo nimelifunga kitambaa kwa sababu mimba ni changa. Kanze akanyamaza. Akauliza kama nina hakika. Nikasema hakika kabisa, nimefurahi mpaka silali! Akaanza kusema, lakini Tembo, baba alisema... Nikamkata. Nikamwambia asiseme neno, ni zawadi ya kumshangaza mzee. Akasema basi, tutaonana Jumapili. Usiku akatuma ujumbe kwamba Karisa naye atakuwepo, analeta kitu baba amemwagiza.

Kwenye simu alinyamaza vile kwa furaha tu. Mwanamke akiguswa hukosa maneno.

Lakini Karisa analeta nini?

Jumamosi, 9 Agosti

Nimezima simu ili Kanze asije akauliza ni watoto wangapi.

Leo sikufungua biashara. Nimefanya kazi ya ufundi. Katika viatu vyangu kuna kimoja cha kahawia, ngozi ya manyoya, mwenzake alipotea tangu Machi. Rangi ni ya Dola kabisa! Nikakata ulimi wa kiatu, nikaukunja, nikapata ncha ya sikio. Nikaibandika kwa gundi ya viatu. Kwenye manyoya tu, kwa nyuma, mbali na kidonda. Mimi si mnyama.

Mercy wa chumba cha pili, yule wa bara anayepika hotelini, alichungulia dirishani. Akasema kwa Kiswahili chake, "Tembo, si uwaambie tu ukweli? Hiyo stori ni fupi." Nikamwambia yeye hajui desturi za pwani. Akasema kweli hajui, kwao mbwa huwa na masikio ya mbwa.

Majaribio: Nimemweka Dola mbele ya feni dakika kumi. Sikio limesimama imara. Nimelivuta kidogo. Imara. Kola nitaivua tukifika, na tumbo nimelifunga leso ya maua, ya heshima. Mjomba Kombe atanisubiri Kombani. Yeye ndiye msemaji wetu. Hajui lolote. Bora hivyo, uso wake utakuwa wa kweli.

Kesho. 

Jumapili, 10 Agosti

Ninaandika nimerudi, jua halijazama. Nitaandika yote.

Tulifika saa tano. Nilimbeba Dola katika kreti ya mkate iliyotandikwa godoro, ili nyuzi zisiumie. Mjomba Kombe alibeba galoni ya pombe ya mnazi. Wazee wanne walikuwa wamekaa uani. Na pembeni, kwenye kiti cha plastiki kilichotakiwa kuwa changu, Karisa! Amefunga kando yake mbwa dume mwekundu. Hicho ndicho kitu alichoagizwa. Mzee ametafuta mbwa wa akiba!

Tukaamkiana vizuri. Mjomba Kombe akasema maneno ya kuomba mlango, maneno mazuri, akamtaja babu yangu. Mzee Tsofa akasikiliza, kisha akasema walete mbwa.

Dola alipendeza. Alikaa ndani ya kreti kama malkia, akawatazama mbuzi wa mzee mmoja mmoja, masikio juu. Mzee akapiga mluzi. Dola akageuza kichwa mara moja. Wazee wakanong'ona. Mzee akatabasamu! Nikaanza kupumua.

Jua lilikuwa kali. Gundi ya viatu na jua la Kinango hazijawahi kupatana. Sikufikiria hilo, feni ilinidanganya. Nikaiona ncha inaanza kuinama. Nikasogea kumpa Dola kivuli. Mzee akaniambia nisogee, ninamzibia. Ncha ikaanguka.

Ingeanguka tu si kitu. Kuku mmoja akaidaka, akakimbia nayo, na kuku wengine wote wakamfuata wakizunguka ua. Wazee wakatazama kuku. Kisha wakatazama Dola. Kisha wakanitazama mimi.

Mzee Tsofa akainuka, akalishika lile sikio kwa vidole viwili, akalisoma.  Akauliza alama hii ni ya kina nani. Macho yote yakamgeukia Karisa.

Karisa akakuna kidevu. Akasema yeye hakumbuki kuwa na mbwa kama huyu. Lakini ikiwa sikio linasema ni wa kwao, yeye ni nani abishane na sikio?

Ningemrukia. Mjomba Kombe akaniuliza kwa sauti ya chini sana nimemtoa wapi huyu mbwa. Nikasema kwanza kwamba sikio lilikatwa na mbwa mwingine. Mzee akauliza mbwa yupi huyo anayeng'ata kwa rula. Nikasema basi, kwa kweli nilimnunua kwa babu yake Karisa. Karisa akasema babu amefariki huu mwaka wa kumi na mbili. Dola ana miaka minne. Nikasema basi, kwa kweli ni alama ya mimba, ndivyo Wajerumani wanavyofanya.

Hapo Kanze akatoka jikoni, mikono ina unga. Akaomba ruhusa ya baba yake azungumze. Akasema huko hotelini anakofanya kazi, paka wote wana sikio hili. Si alama ya ukoo wowote. Ni alama ya mnyama aliyefungwa uzazi. Akapiga magoti, akafungua ile leso ya maua taratibu. Nyuzi zikaonekana.

Nikajua nimekwisha. Nilitamani ardhi ya uani pale ipasuke, hata kidogo tu, ya kutosha mguu mmoja.

Mzee akatazama nyuzi kwa muda mrefu. Kisha akacheka! Akasema jike aliyekuwa naye zamani, kila msimu alimletea madume wa vijiji vinne. Waliua vitoto vya mbuzi kuliko mbweha wenyewe, na mmoja akamng'ata kisigino, akatuonyesha kovu. Dume naye hamtaki, dume akisikia harufu anaacha zizi siku tatu. Yeye anataka jike aliyefungwa, anayekaa na mbuzi wake. Alimwagiza Kanze aniambie hivyo hivyo Ijumaa, kwamba nimpeleke kwa madaktari, hata gharama yuko tayari kuchangia. Kanze akasema alipiga simu kwa hilo. Lakini nilimwambia mimba, tena kwa furaha kubwa, akashindwa kunivunja. Akamwambia baba yake tu kwamba Dola hatafaa, na ndipo Karisa akaagizwa alete mbwa yeyote, hata dume. Jana alinipigia mara sita. Simu imezimwa.

Mara sita!

Yaani kila nilichokitaka kilikuwa ndani ya kreti ya mkate tangu Alhamisi. Nilichotakiwa ni kufunga mdomo tu. Mzee anatabasamu, wazee wanatabasamu, Mjomba Kombe amevuta pumzi na anashika galoni ya mnazi amimine. Kanze ananitazama kwa macho yale, anasubiri niseme neno moja la kweli, lolote.

Nikasema, "Mzee, mimi nilijua! Nilimfunga kwa ajili yako, nikataka kukushangaza!"

Mjomba Kombe akajifunika uso kwa kofia.

Mzee akaacha kucheka. Akakaa. Akasema taratibu, "Mbwa nimempenda. Mwenye mbwa bado sijamwelewa." Akasema Dola abaki, apumzike, nyuzi zake atazitunza mwenyewe. Mimi nirudi. Siku ya mahari haipangwi. Nikamgeukia Kanze. Akasema hatanikataa leo, lakini hatanikubali. Kabla ya mvua za vuli nije na mtu mzima mmoja, mwenye heshima zake, atakayesimama mbele ya baba na kusema, Tembo huyu namjua, ni mkweli. Mmoja tu. Alikuwa analia akisema hivyo, na unga umempaka shavuni. Mimi pia nilitaka kulia, lakini Karisa alikuwa ananitazama.

Kuku alikuwa amekwisha kuchinjwa kwa ajili yetu. Tuliaga kabla hajaiva. Mguu wake, kwa mujibu wa Mjomba Kombe aliyegeuka nyuma, aliahidiwa Karisa.

Dola hakunifuata. Daktari alisema asikimbie, labda ni kwa ajili hiyo.

Jumatatu, 11 Agosti

Sikulala vizuri. Getini hakuna mbwa hata mmoja. Nimejaza maji bakuli la Dola kwa mazoea, kisha nimeyamwaga.

Nimetafakari sana leo dukani. Nimejiuliza nimekosea wapi. Nimeliona kosa, na nimelikubali kama mwanamume: gundi. Ningetumia uzi.

Sasa jambo lililobaki ni shahidi. Mtu mzima, mwenye heshima, wa kusema mimi ni mkweli. Kabla ya vuli. Mjomba Kombe hapokei simu zangu. Daktari Cynthia na wenzake wamekunja hema. Mercy nimemuuliza, amecheka mpaka akakaa kitako.

Jioni Bi Twaiba akaniita barazani. Akaniuliza ya ukweni. Akasema amekuwa akiniombea, na kama kuna neno lolote la kunisaidia, hata kusafiri mpaka huko kunizungumzia, atakwenda, nimwambie tu ilivyokuwa. Mwanamke mwema huyu! Nilikuwa na ulimi umeshafika kwenye meno.

Lakini aliuliza kwa sura ya furaha mno. Ningemweleza nini, sikio la kiatu? Nikamwambia mambo yamekwenda vizuri sana, Bi, mahari mwezi ujao, wamekuletea salamu. Akasema alhamdulillahi, akaingia ndani kutafuta kanga mpya ya kuvaa siku hiyo.

Sasa siwezi tena kumwomba ushahidi, maana anajua mambo yamekwisha kuwa mazuri.

Ila sijashindwa. Nimeketi hapa na karatasi safi, nimemwandikia Mzee Tsofa barua. Inasema kwamba mimi, Bi Twaiba, mwenye nyumba wa Ukunda, ninamjua Tembo tangu utoto wake, na katika maisha yangu yote sijamsikia akisema uongo hata mara moja. Saini yake nimeiiga kutoka kwenye risiti za kodi, yenye ule mkia mrefu. Nimeongeza aya moja kuhusu kusali kwangu.

Nimeisoma mara mbili. Ni barua nzuri kweli. Mimi mwenyewe nimeiamini.